Manunuzi ya Bibi Harusi Katika Chete za Usambara



Mwaka huu karibu kila harusi niliyoalikwa hapa Unguja imekuwa na usiku wa Kimoroko. Bibi harusi anavaa kaftani yenye mkanda wa dhahabu, anaketishwa juu ya mito, taa za shaba zenye matundu zinajaza ukuta vivuli vya maua, na chai ya mnanaa inamiminwa kutoka juu mpaka ifanye povu. Ni pambo zuri, sina la kusema. Wala Moroko si ugeni wa jana kwetu: Ibn Battuta, mtoto wa Tangier, alifika Mombasa na Kilwa mwaka 1331.

Mashoga zangu wawili wamewahi kufika Fes na Marrakesh kununua bidhaa. Wanasema masoko yale ya ndani ya mji mkongwe yana vichochoro vingi kuliko Mji Mkongwe wetu, kila kazi na mtaa wake, wafua shaba huku, watia rangi ngozi kule, na bila mwongozaji unaweza kuzunguka mpaka Magharibi. Ila wakanipa na siri: waongozaji wengi hula kamisheni dukani. Unapelekwa kwa anayemlipa, si kwa mwenye kitu bora, na kamisheni hiyo unailipa wewe ndani ya bei. Neno hilo lilinikaa kichwani, na ndilo lililonifanya nipange safari ninayotaka kukusimulieni.

Mtoto wa kaka yangu anaolewa Mfunguo Mosi, inshallah. Mahari yake ni shilingi 2,000,000, ameshakabidhiwa mkononi. Mpambaji mmoja wa mjini akamtajia bei ya usiku wa Kimoroko: shilingi 1,800,000, kukodi tu, vitu vinarudi asubuhi. Kaka yangu ni mtu wa dini, akamwambia binti yake mahari ni yako peke yako, Suratun Nisaa iko wazi, mimi baba yako sina hata senti ndani yake. Binti akanigeukia mimi. "Shangazi, nifanye nini?" Nami sikutaka kumwamulia, maana mimi huyu kwenye harusi yangu nilivaa nguo tatu kwa usiku mmoja. Nilimwambia tu, kabla hujatoa hizo pesa, twende kwanza kwa bibi yako.

Bibi yake mzaa mama yuko Mgwashi, milima ya Usambara. Wifi yangu ni Msambaa, lakini wanawe wamekulia Unguja, Kisambaa wanakisikia tu mama yao akiongea na simu. Ilikuwa lazima bibi harusi akamsalimie bibi yake na kuomba dua kabla ya ndoa. Basi tukaunganisha mambo mawili: kuomba radhi, na kununua vyombo na viungo vya nyumba mpya. Kaka alifuatana nasi, mahram wetu sote wawili na mbebaji wa mizigo.

Njia ni boti ya asubuhi mpaka Dar, kisha basi mpaka Mombo. Hapo ndipo mlima unapoanza. Barabara inajikunja kando ya mto mpaka Soni, penye maporomoko ya maji, na Soni ni njiapanda: huku Lushoto mjini, huku Bumbuli. Sisi tulishika ya Bumbuli na kuendelea ndani zaidi. Vumbi, kona, mashamba ya chai, migomba, halafu ukungu. Ilikuwa Januari, Unguja tumeiacha inaunguza, na jioni ile Mgwashi nilivaa soksi na kujifunika kanga mbili juu ya buibui. Maji ya udhu ya Alfajiri sitayasahau.

Bibi alitupa mtu wa kututembeza sokoni: jirani yake, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mama wa makamo anayejua kila njia na kila muuzaji, kwa sababu nusu yao amewafundisha kusoma. Kaka alisisitiza tupatane ujira kabla ya kutoka nyumbani. Mwalimu aliona haya, akasema wageni wa jirani ni wageni wake. Kaka akashikilia. Wanavyuoni wengi wameruhusu malipo ya dalali maadamu yako wazi. Baya ni lile linalofichwa. Tukakubaliana shilingi 20,000 kwa siku, nauli na chakula juu yetu, na asichukue chochote kwa muuzaji. Mkifanya safari ya namna hii, popote pale, fanyeni hivyo hivyo. Kazi yake ilionekana siku ya kwanza. Muuza vitenge mmoja alimvuta pembeni na kumnong'oneza kuwa chake kipo. Mwalimu akajibu kwa sauti ya darasani, watu wote wasikie: "Mimi nimeshalipwa!" Kisha akatuambia kitenge kile kikifuliwa kinachuja rangi.

Huku soko la siku maalumu huitwa chete, au gulio. Leo liko kijiji hiki, keshokutwa kile, na wauzaji wanazunguka nalo. Ukikaa siku chache unaweza kuhudhuria zaidi ya moja bila kwenda mbali. Usitazamie paa wala vibanda vya kupendeza. Ni uwanja, maturubai chini, karoti, kabichi, viazi, maharage, plamu nyekundu kwenye beseni, mitumba upande mmoja, na wanawake waliojifunga kanga juu ya sweta.

Asubuhi ya chete ya kwanza tulikwenda kwa miguu. Njiani tuliwapita akina mama wengi wakishuka na mizigo kichwani. Mmoja alikuwa na iliki kwenye kikapu, na harufu yake ilitufikia kabla yake. Bibi harusi akachangamka, akataka kumsimamisha, amalize shughuli pale pale. Yule mama alikuwa ameanza kutua mzigo. Mwalimu akamwambia kitu kwa Kisambaa, yule mama akacheka na kuendelea na safari.

"Mwache afike sokoni, mwanangu," Mwalimu akasema. "Hapa njiani hajajua bei ya leo."

Dada zangu, mimi nimesoma madrasa, na bila shaka wengi wenu mmesoma, kwamba Mtume swalla Allahu alayhi wasallam alikataza watu kuulaki msafara wa biashara nje ya mji kabla haujaingia sokoni. Niliihifadhi kama hukumu ya ngamia na jangwa. Sikuwahi kuiona ikitembea kwa miguu, na mtoto mgongoni. Mwalimu alitueleza kwamba walanguzi wanafanya hivyo kila msimu: wanasimama kwenye kona za njia na pikipiki, wanamkamata mkulima amechoka, anataka kurudi kwa watoto, wanampa bei ya njiani. Akifika uwanjani anakuta bei ni nyingine, na mzigo hana tena. Sisi tulikuwa na shilingi mkononi na nia njema, lakini kwa yule mama tungekuwa walanguzi tu, wenye mitandio mizuri.

Tulimkuta sokoni saa moja baadaye. Bei yake ilikuwa imepanda. Bibi harusi alinunua kwake, na hakulalamika.

Kuhusu iliki yenyewe, shikeni haya niliyofundishwa. Tafuta punje iliyofunga, ya kijani, isiyopasuka. Iliyopauka na kupasuka imechelewa kuchumwa au imepigwa jua kali, mafuta yake yamekwenda. Ipasue moja: mbegu ziwe nyeusi na za kunata. Zikiwa nyeupe na kavu, imechumwa changa. Kisha itafune. Kama ulimi hauchangamki, achana nayo. Weka kwenye chupa gizani bila kuimenya, na usisage ila ile ya siku hiyo.

Jambo lililonikaa zaidi lilikuwa kwenye viazi, na sisi hata hatukununua viazi. Kando ya uwanja lilisimama lori, vijana wanajaza magunia. Gunia likishajaa, wanashona juu yake kilemba kingine cha viazi, mpaka linaonekana kama mtu mwenye kichwa. Hiyo ndiyo lumbesa. Serikali imeipiga marufuku, Wakala wa Vipimo wanaisema kila mwaka, na bado ipo. Mkulima analipwa gunia moja, mnunuzi anaondoka na gunia na ushei.

Siku zote nikisoma Suratul Mutaffifin nafsi yangu inamfikiria muuzaji: muuza nyama wa mizani mbovu, muuza kitambaa anayevuta utepe. Lakini anza aya zile mwanzo. Wanaotajwa kwanza pale ni watu wanapopokea, wakitaka watimiziwe, na kisha ndipo wanapotoa, wakapunguza. Upande wa kupokea tumeusahau. Nilipomwambia kaka hivyo akanyamaza kidogo, akasema khutba za sokoni huwa zinawasemesha wenye maduka tu.

Baada ya hapo nilianza kuwatazama wanunuzi, na sisi wenyewe tukiwamo. Sisi wanawake wa mjini tunajivunia kupatana bei. Tunapunguza mpaka muuzaji akubali, halafu pesa zikishatolewa tunasema, "Sasa nitilie nyongeza." Mwalimu alikuwa na kanuni yake. Taja bei mara mbili, ya tatu nunua au ondoka kwa wema. Nyongeza ni ya muuzaji kutoa, si ya mnunuzi kudai. Na kipimo cha kopo kikijazwa kilele, kilele kile kihesabu kuwa ni hisani, ushukuru. Bibi harusi aliyajaribu haya kwa muuza maharage, na yule bibi, bila kuombwa, akamtupia mikono miwili ya ziada aliposikia kuwa anaolewa. Akampigia na kigelegele. Soko zima likageuka, na mtoto wa watu akaficha uso kwenye mtandio.

Adhuhuri tuliswali kwenye msikiti karibu na uwanja, upande wa wanawake, pamoja na wauzaji wenyewe. Wengi wa watu wa upande huu ni Waislamu, na adhana ikilia utaona maturubai yamefunikwa, bidhaa imeachwa na jirani.

Siku ya pili ilikuwa ya vyungu. Ufinyanzi kwa Wasambaa ni kazi ya wanawake, mama humrithisha binti. Hawana gurudumu. Udongo unapandishwa kwa mkono, unalainishwa, unakaushwa, halafu vinachomwa kwenye moto wa wazi, na hapo kila chungu na bahati yake. Mwalimu alitupeleka nyumbani kwa mfinyanzi mmoja, mama mtu mzima mwenye vidole vya udongo. Alikuwa na vyungu viwili tayari. Ukivigonga kwa kifundo cha kidole vinalia kama kengele ndogo. Chenye ufa hutoa sauti ya kufa. Alivijaza maji mbele yetu, akavikalisha juu ya jiwe kavu, tukanywa uji, tukarudi kutazama kama jiwe limelowa. Halikulowa.

Bibi harusi alitaka sita. Vinne vilikuwa bado vibichi, vimepangwa kivulini. Kaka akatoa pesa ya vyote sita ili tumalize. Yule mama akahesabu za viwili, zilizobaki akazirudisha juu ya mkeka.

"Chungu ambacho hakijatoka motoni si chungu," akasema. "Nitakuuzia nini?"

Kaka yangu, ambaye miaka yote anatusomesha sisi habari za kuuza kisichokuwepo, alizichukua pesa zake kimya kimya. Tukaachiana namba kupitia kwa Mwalimu. Vikitoka salama, atapiga picha, tutalipa.

Hesabu ya safari, maana najua mtaniuliza. Iliki, maharage, vyungu viwili, vikapu viwili, doti moja ya kanga ya bibi, na ujira wa Mwalimu kwa siku mbili: shilingi 312,000 kutoka kwenye mahari. Nauli alilipa kaka, ni zawadi yake. Usiku wa kupamba utafanyika nyumbani kwa wifi, si ukumbini. Kaftani ameazima kwa shoga yake, na taa za Kimoroko amekodi mbili tu, za pembeni ya kiti. Mpambaji hakufurahi. Fedha iliyobaki bado iko kwa mwenyewe, na anaifikiria cherehani, lakini hilo ni lake, sikuingia.

Wiki tatu baadaye Mwalimu alituma picha. Kati ya vyungu vinne vitatu vimetoka wazima, cha nne kimepasuka motoni, na mfinyanzi anasalimia. Tulituma pesa ya vitatu. Vimeshuka bandarini Malindi ndani ya tenga, vimezungushiwa majani makavu ya mgomba, hakuna hata kimoja kilichochubuka.

Kwa mwenye chungu kipya, msikipike siku hiyo hiyo. Kiosheni bila sabuni, kiloweke usiku kucha, kikauke kivulini. Kipakeni mafuta ya nazi ndani na nje, kisha chemsheni uji mwepesi wa mchele kwa moto mdogo, mkiache kipoe chenyewe juu ya jiko, uji mwage. Na kikiwa cha moto msikitie maji baridi. Bibi harusi wetu ameshatayarisha viwili, vitatu bado vinakauka nyuma ya mlango wa jikoni kwa mama yake.