Zawadi ya mtu wa kuaminika

Ndugu zetu mlio kambini, leo siwaletei habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nawaletea habari ya mchezo wa dadu, kwa sababu umenikumbusha deni langu kwenu.

Mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, alikimbilia Uganda wakati wa vita. Kutoka kule akapelekwa Marekani pamoja na mke na watoto. Sasa anaishi katika jimbo la Iowa, anafanya kazi ya usiku katika kiwanda cha nyama. Mzee mmoja anayefanya naye kazi alimwingiza katika ligi ya besiboli isiyo na uwanja wala mpira. Wanacheza Strat-O-Matic, mchezo ambao Hal Richman alianza kuuza mwaka 1961. Kila mchezaji wa kweli ana kadi yake, iliyotengenezwa kufuatana na alivyocheza msimu mzima. Unarusha dadu tatu. Moja inakuonyesha safu: ikitoka 1 hadi 3 unasoma kadi ya mpigaji, 4 hadi 6 kadi ya mrushaji. Jumla ya zile mbili inakuonyesha mstari. Hapo unajua kama mpira umedakwa au umeruka nje ya uzio.

Ligi yao ina watu kumi, na kila mmoja ana saa zake za kazi. Kwa hiyo yule ambaye timu yake iko nyumbani hurusha dadu za pande zote mbili peke yake, akifuata maagizo aliyoachiwa na mgeni, kisha anatuma karatasi ya matokeo. Nilimuuliza: "Na mtu akidanganya?" Akacheka: "Yaya, nani atamwona?"

Mwisho wa msimu walikutana kugawa zawadi. Ilikuwa Jumamosi, kwao saa sita mchana, kwetu saa moja jioni. Alinipigia simu ya video ili tuangalie pamoja na mama yake. Walifuata desturi ya besiboli yenyewe: mchezaji bora, kocha bora, na mrushaji bora, ambaye katika besiboli ya kweli hupewa zawadi ya Cy Young tangu 1956. Timu ya mdogo wangu ilikuwa ya mwisho. Sikutegemea kusikia jina lake.

Zawadi iliyobaki ilikuwa ya mtu wa kuaminika. Mzee akasimama akaeleza. Siku moja mdogo wangu alituma karatasi ya ushindi. Asubuhi, akiipitia tena, akaona alisoma mstari usio wake kwenye kadi. Akawaandikia wote kwamba amekosea. Akarudia mchezo kuanzia pale palipoharibika, akashindwa. Basi wakamwita jina lake, wakalitamka vizuri, wakampa kikombe kidogo cha plastiki. Akalia. Mama mdogo akaniuliza kama kikombe kile kina pesa ndani.

Mimi sikucheka. Mwaka jana nilitangaza kwamba chakula kitagawanywa siku ya Alhamisi. Nilisikia kwa mtu mmoja, sikuuliza wa pili. Akina mama walitoka kambini na watoto mgongoni, wakafika wakakuta uwanja mtupu. Jioni ile ile nilijua kosa ni langu. Kesho yake nikasoma habari nyingine kana kwamba hakuna kitu kilichotokea. Studioni nilikuwa peke yangu, na hakuna aliyekuja kunidai.

Mdogo wangu alisahihisha mchezo wa kadi. Mimi sikusahihisha habari ya chakula cha watoto.

Kwa hiyo leo nasema: habari ile ya Alhamisi haikuwa kweli, na ni mimi niliyeitoa. Akina mama, naomba msamaha. Kuanzia wiki hii, kila Jumatatu kabla ya habari nitasoma masahihisho. Mkisikia nimekosea, msininyamazie. Mwambieni mwakilishi wenu wa kambi, naye atanifikishia, nami nitalisoma kosa hilo kwa sauti ile ile niliyolitangazia.