Njaa Katikati ya Mpunga

Mwezi wa Machi mpunga wa Kiberege huwa umefika kiunoni. Ukisimama barabarani ukatazama upande wa mbugani unaona kijani kitupu, na upepo ukishuka kutoka Milima ya Udzungwa shamba zima hulala na kuinuka. Huo ndio mwezi ambao, mwaka 1999, ghala la shangazi yangu lilikuwa halina hata punje. Chakula kilituzunguka kila upande, nasi tulikunywa uji wa mahindi ya kuazima mara moja kwa siku.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Zama zile waliochaguliwa kuendelea na kidato cha tano walikaa nyumbani hadi katikati ya mwaka uliofuata, na baba hakutaka binti yake apige soga Dar es Salaam miezi yote hiyo ilhali dada yake analima peke yake. Nikapandishwa treni ya TAZARA, ile reli ya kilomita 1,860 iendayo Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliyojengwa na Watanzania, Wazambia na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975. Usiku tulikatiza pori la Selous. Kulipokucha mlima ulikuwa kuliani, umefunikwa na msitu hadi kileleni, na kushotoni Bonde la Kilombero limejinyoosha mpaka macho yakachoka. Nilishuka Mang'ula, nikapata nafasi juu ya lori lililobeba saruji, tukapita Kisawasawa na kuingia Kiberege tukiwa wekundu kwa vumbi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Viatu hivyo viweke. Kesho tunakwenda shamba."

Kiberege imepangwa kando ya barabara ya kwenda Ifakara: nyumba za tofali za kuchoma, miembe, minazi michache, migomba nyuma ya kila jiko. Alfajiri wafungwa wa Gereza la Kiberege walitoka kwenda kulima, majembe mabegani, askari nyuma yao. Baada yao barabara ilijaa raia, nao wana majembe, wanaelekea mbugani. Shangazi alikuwa mjane mwenye watoto wadogo watatu na ekari tatu za mpunga, mwendo mrefu kwa miguu kutoka nyumbani. Tuliondoka nyota zikiwa bado angani.

Nilidhani mbuga ni tambarare. Shangazi alinionyesha kwamba haina sehemu mbili zilizo sawa. Palipoinuka kidogo, hata kwa kimo cha goti tu, palipandwa mahindi, kwa kuwa maji hayakai. Palipofuata paliwekwa mpunga wa kuwahi. Chini kabisa, kwenye tope jeusi, paliachiwa mpunga wa kuchelewa wenye mabua marefu, unaoweza kusimama ndani ya maji kwa wiki kadhaa. Aliyajua haya kwa kukanyaga, kwa rangi ya udongo na kwa majani yaliyoota pale kabla ya jembe kupita. Mito inayoshuka kutoka Udzungwa huleta maji upesi, na Mto Kilombero ukijaa huyarudisha nyuma yakatanda mbuga nzima. Mkulima hana namna ya kuamuru maji hayo. Anachoweza ni kugawa mbegu zake ili yakizidi apate juu, na yakipungua apate chini.

Mwaka uliotangulia mgawo huo haukumsaidia. Mvua za El Niño za 1997 na 1998, zilizovunja madaraja na kukata barabara karibu nchi nzima, zilifunika ekari zake zote, za juu na za chini. Alivuna kidogo, akala kidogo, na mbegu ya msimu niliomkuta nao alikuwa ameikopa kwa jirani. Njaa ya Machi ile ilianzia huko. Mimi niliyetoka mjini nilidhani njaa huja mimea ikikauka. Pale niliona inavyoweza kukaa ndani ya nyumba huku mimea imestawi nje.

Nilichojifunza Februari ndicho kilichonikaa zaidi. Februari ni palizi. Mpunga na majani huota pamoja, na asiyepalilia kwa wakati atavuna majani. Lakini mwenye ghala tupu anahitaji kula leo, kwa hiyo anakwenda kupalilia shamba la mwenye nacho ili alipwe debe la mahindi. Siku anazopalilia kwa mwenzake ndizo siku ambazo shamba lake linasongwa. Mavuno yake yatakuwa haba, na mwaka ujao Februari itamkuta tena mlangoni kwa mwenye nacho. Niliona familia ambazo zilikuwa zimezunguka humo miaka mingi. Wengi walikuwa hodari wa jembe kuliko waajiri wao, na waliamka mapema kuliko wao.

Shangazi alijaribu kuukata mzunguko huo kwa ujima. Wanawake saba walikubaliana kupalilia mashamba yao kwa zamu, wote pamoja. Kwa desturi mwenye shamba hupika, na yeye hakuwa na cha kupika. Akaomba zamu yake iwe ya mwisho, akaenda kwa wenzake sita kwanza, akiwa wa mbele kushika jembe na wa mwisho kuliweka chini. Zamu yake ilipofika, kila mmoja alikuja na kitu mkononi: huyu ndizi, huyu kisamvu, mwingine kambale wawili waliokaushwa kwa moshi. Hakuna aliyelitaja jambo hilo kwa maneno. Walipalilia hadi jioni.

Aprili akaja mtu na pikipiki. Alikuwa mnunuzi wa mpunga, anavaa saa kubwa, anazungumza kwa upole. Alizunguka shamba, akavuta masuke machache, akayabana kwa kidole, kisha akataja bei ya kununua mpunga wa ekari nzima ukiwa bado umesimama. Watu wa mjini wakisikia habari hii husema mkulima hana akili ya biashara. Shangazi alikuwa nayo. Aliniambia nichukue daftari niandike: ada ya shule ya msingi ya watoto wawili, maana ada hiyo ilikuwa haijafutwa, ilifutwa mwaka 2001, dawa ya mtoto wa mwisho aliyekuwa na homa, deni la mbegu. Tukajumlisha. Akaniuliza ni ekari ngapi zitatosha kulipa hayo na si zaidi. Moja. Akamuuzia ekari moja, akakataa katakata kuuza ya pili, ingawa yule mtu aliongeza bei mara mbili akiwa amekwisha kupanda pikipiki.

Mpunga ulipoanza kujaza punje tulihamia shambani. Kila familia ilikuwa na dungu lake, kibanda juu ya nguzo kilichoezekwa kwa nyasi, na kutoka juu yake mchana kutwa tuliamia ndege. Kweleakwelea hushuka kwa maelfu, na shamba lisilo na mtu humalizwa kwa asubuhi chache. Tulifunga kamba kutoka dungu hadi kwenye miti pembeni, tukazitundikia makopo matupu. Watoto walivuta kamba na kupiga kelele, nasi tulirusha udongo kwa teo. Usiku ilikuwa zamu ya viboko na nguruwe mwitu, na moto haukuzimwa.

Dunguni mbu hawakuwa na huruma. Tulilala ndani ya chandarua cha "Zuia Mbu", vile vilivyouzwa kwa bei nafuu wilaya za Kilombero na Ulanga katika mradi wa KINET ulioendeshwa na watafiti wa Ifakara, mji ambako Waswisi walifungua maabara ya utafiti mwaka 1957. Shangazi alikinunua kabla ya kununua khanga. Miaka miwili baadaye, mwaka 2001, matokeo ya mradi huo yalichapishwa: vyandarua vile viliendana na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa watoto wadogo kuishi. Nikiisoma takwimu hiyo nawaona watoto watatu wamelala safu moja juu ya mkeka wa ukindu. Mtoto wa mkulima wa Kilombero alikuwa analelewa mbugani, katikati ya maji yaliyotuama, katika miezi ambayo mwili wake umedhoofika kwa njaa. Chandarua kilikuwa zana ya kilimo sawasawa na jembe.

Njaa ilivunjwa na pepeta. Punje zikiwa zimejaa lakini hazijakauka, shangazi alikata masuke ya kwanza, akaupukuchua mpunga, akaukaanga katika chungu ungali mbichi, akaumimina kinuni tukautwanga kwa kupokezana mpaka ukawa bapa, kisha akapeta makapi kwa ungo. Tulikula ikiwa na joto bado, na tui la nazi na sukari ya Kilombero. Harufu yake ni ya majani mabichi na moshi. Nimesoma baadaye kwamba wakulima wa Bihar, mashariki mwa India, nao huponda mchele ukawa bapa hivyo na kuula kwa mtindi, na kwamba nao kwa vizazi wamekopa kwa matajiri wa kijiji wakisubiri mavuno. Sikushangaa. Popote mpunga unapolimwa na mtu asiye na akiba, chakula cha kwanza hutafutwa kabla punje haijakomaa.

Kile kiloba cha kwanza cha pepeta hakikuliwa na sisi peke yetu. Shangazi alipima vikombe sita, akaniagiza nipeleke kwa wanawake sita wa palizi.

Mavuno yalianza mwishoni mwa Mei. Ekari aliyoiuza ilivunwa siku moja na vibarua wa yule mnunuzi. Tulikuwa shamba la pili, tunaona. Nilihesabu magunia yaliyotoka: 12. Nikarudi kwenye daftari nikapiga hesabu. Fedha aliyolipwa Aprili, kwa bei ya mavuno ambayo ndiyo bei ya chini kuliko zote, ingenunua magunia manne. Nilimwonyesha shangazi ile karatasi. Aliitazama muda mrefu, akasema, "Iandike vizuri, mwanangu. Watoto wakikua wataisoma."

Ekari mbili zilizobaki tulizivuna wenyewe, kwa visu, tukaupiga mpunga juu ya turubai kwa fimbo na kuupeta upepo ulipokubali. Juni malori yalipanga foleni kijijini. Walanguzi walikuja na magunia yao wenyewe, yaliyoshonewa kichwa cha nyongeza, yale ya lumbesa. Sheria ya vipimo inakataza, lakini mwenye njaa ya miezi minne habishani na gunia. Karibu kila nyumba iliuza wiki hiyo hiyo, na kwa sababu wote waliuza wiki hiyo, bei ilianguka. Shangazi aliuza magunia mawili tu, ya chumvi, sabuni na michango ya watoto shuleni. Mengine aliyapanga chumbani mwake, juu ya magogo ili unyevu usipande, akalala nayo.

Nilirudi Dar es Salaam Julai. Februari iliyofuata baba alipokea barua: dada yake alikuwa ameuza magunia kadhaa mwezi Januari, kwa bei iliyozidi maradufu ile ya Juni, amelipa palizi kwa fedha taslimu, na ekari zote tatu ni zake. Alikuwa amemwajiri pia mama mmoja, kati ya wale waliokuwa wakizunguka katika deni, na akamlipa kabla kazi haijaanza ili apalilie na lake.

Bonde la Kilombero hutoa vitu vingi vinavyobebwa kwenda mbali. Sukari ya Kidatu hunywewa na chai kila mkoa. Bwawa la Kidatu, lililoanza kuzalisha mwaka 1975 na lenye uwezo wa megawati 204, liliwasha taa za Dar es Salaam miaka ambayo watu wa Kiberege walikula kwa mwanga wa koroboi. Mchele wake umejaa masoko. Tangu siku zile mengi yamebadilika: daraja la Mto Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, limechukua nafasi ya kivuko, na Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005 imempa mkulima njia ya kuweka zao ghalani na kukopa kwa dhamana yake.

Ninaipenda sheria hiyo kwa sababu nimeliona daftari. Mkulima wa mpunga anapoteza mapato yake katika wiki chache kati ya Machi na Juni, wakati ambapo hawezi kusubiri. Mpe mbegu bora, mpe mbolea, mjengee mfereji. Kama Machi bado inamkuta na ghala tupu, faida ya vyote hivyo itaondoka na mtu wa pikipiki. Kila mpango unaotangazwa kwa ajili ya bonde lile huwa naupima kwa swali moja: mjane mwenye ekari tatu atakula nini mwezi wa tatu? Palipo na jibu, kilimo kitajiinua chenyewe, kwa kuwa ujuzi wa maji, wa udongo na wa kusaidiana upo Kiberege tangu zamani, na sijaona mahali pengine unapotumika kwa uaminifu zaidi.