Anko Anataka Mashine ya Kupanda Miti kwa Mkopo, na Mimi Bado Sijasaini

Wasee, kuna fomu ya sacco imekaa kwa Anko wiki ya pili sasa. Inataka wadhamini watatu. Wawili washaweka sahihi. Wa tatu ni mimi, na nikisaini, akiba yangu ya 48,000 (hiyo ni video za mwaka mzima, msicheke) inafungwa mpaka amalize kulipa.

Mkopo ni wa mashine. Kama hujawahi kuiona, ni mota yenye gurudumu linaloshika kamba. Unafunga kamba juu ya mti, unapitisha kamba kwenye mashine, unaunga mashine na hanesi yako, unabonyeza, unapanda kama mtu kwenye lifti. Kuna Wraptor ya Marekani inayotumia injini ndogo ya petroli, na kampuni ya ActSafe ya Sweden imetengeneza za petroli na za betri. Huuzwa maelfu ya dola, si mamia. Kila dola elfu moja ni karibu 130,000 za Kenya, na hapo hujalipa usafiri wala ushuru. Hiyo Anko anayotaka amepigiwa hesabu ya 600,000 hadi imfikie mkononi.

Anko hukata miti Nairobi na Kiambu. Mikaratusi, misaiprasi, migrevilea, ule mjakaranda umelalia ukuta wa jirani na jirani ameanza kutaja wakili. Miaka 20 na kitu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, yeye ndiye alinipa kazi ya kwanza, kushika kamba chini, na mpaka leo mvua zikianza na simu zake zikawa hazinyamazi, naenda. Kwa hivyo siongei kama mtu ametazama video mbili tatu akajiita mtaalamu.

Acha niondoe moja mapema. Kuna watu wanasema mashine kama hii ni ya wavivu, eti mwanaume hupanda mti kwa mikono. Hao wasee wengi wao hawajawahi kupanda hata ngazi ya kubadilisha balbu. Anko akifika juu ya mkaratusi mrefu kwa kujivuta kwa mikono, kitu cha kwanza anafanya si kukata. Anakaa kwenye tawi na kungoja mikono iache kutetemeka. Nimemwona. Mkono unaotetemeka ndio huo dakika chache baadaye utashika pawasoo inayozunguka karibu na kamba iliyomshikilia. Kama kuna kitu cha kupunguza hiyo tetemeko, si uvivu.

Lakini tatizo langu na mashine ni hili: inapanda kamba, haipandi mti. Watu huruka hapo. Kwa video unaona kamba ishaning'inia, mtu anabonyeza, huyooo. Hawakuonyeshi kamba ilifikaje juu. Unarusha kauzi kembamba chenye kifuko kizito, kama gramu 300 au 400, unatafuta kipitie kwenye panda ya tawi zuri, unakosa, unavuta, kinanasa, unarusha tena. Kikipita ndio unavutia kamba yenyewe. Kwa mkaratusi ulio wazi, sawa. Kwa msaiprasi wa ua wenye matawi yamebanana kama nywele za asubuhi, utarusha mpaka mwenye boma aanze kuuliza kama umelipwa kwa siku ama kwa kazi.

Mwaka jana tulikuwa na kazi ya misaiprasi 14 kwenye mstari mmoja wa ua. Hapo ndipo ungesema mashine ingesaidia, si ni kupanda mara 14? Hapana. Kila mti ungetaka kamba yake irushwe upya. Anko alivaa spaiki miguuni, akazungusha kamba ya kiunoni kwenye shina, akapanda mmoja baada ya mwingine. (Spaiki ni kwa mti unaouawa tu, jamani. Mti utakaobaki ukiutoboa namna hiyo umeufungulia magonjwa mlango.)

Ni kama kumpelekea mgema wa Kilifi mashine hii. Yeye hupanda mnazi asubuhi na jioni, mnazi baada ya mnazi, kwa vidato vilivyochongwa kwenye shina. Mnazi hauna panda ya kupitishia kamba, ni shina tupu halafu makuti. India wanalijua hilo, ndio maana mkulima mmoja wa Karnataka, Ganapathi Bhat, alisambaa mtandaoni mwaka 2019 na kitu kama pikipiki alichobuni cha kupanda mipopoo: magurudumu yanabana shina lenyewe. Hiyo hupanda mti. Ya Anko hupanda kamba, na kamba kwanza inamhitaji mtu.

Nilianza kupima na simu. Mkaratusi mrefu kuliko yote tuliyofanya mwaka huu: kurusha kauzi mpaka kamba iko tayari, dakika 25. Anko kutoka chini hadi tawi la kwanza la kazi, dakika 9. Kukaa juu akikata na sisi tukishusha vipande, saa mbili na dakika 40. Halafu sisi wa chini, matawi, lori, kufagia, mpaka jioni. Mashine ingegusa zile dakika 9 tu. Ingezifanya mbili, hata moja. Umeokoa dakika 7 kwa laki sita.

Nilimpelekea Anko hiyo hesabu. Aliisoma yote kwenye simu, akanirudishia.

"Wewe unahesabu dakika, kijana. Mimi nahesabu bega."

Bega lake la kulia limekwisha. Hawezi kuinua jerikani ya maji kuiweka juu ya kaunta. Usiku analala upande mmoja. Mti ukimalizika mapema kwa dakika 7 hakuna anayejali, mteja hajali, mimi sijali. Anachonunua ni miaka. Ana 47, mtoto wa mwisho yuko gredi ya nne, na hana kazi nyingine anayoijua. Hilo jibu lake lina uzito kuliko hesabu yangu na sitajifanya halina.

Ukiliangalia vizuri, ndilo linaeleza kwa nini huku kwetu hakuna mtu wa kumnunulia. Mti mmoja mkubwa ukiwa karibu na nyumba tunalipwa 15,000, ukibahatika 25,000. Toa petroli, mnyororo wa pawasoo, lori, watu wanne. Mteja analipia mti uondoke. Bega halimo kwenye bei. Ulaya au Marekani, mpandaji akiumia kuna mtu bima yake itapanda, kwa hivyo kuna mtu ana sababu ya kupiga hesabu. Sisi tuna sheria pia, tena nzuri: sheria ya usalama kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga, na ile ya fidia ya mwaka huo huo inamtaka amwekee mfanyakazi bima. Lakini sheria inamtafuta mwajiri, na Anko mwajiri wake ni nani? Mama wa Ruiru aliyempigia simu Jumanne? Yeye ni bosi wake mwenyewe, kumaanisha bega likiisha, atajishtaki mwenyewe.

Sasa, kama ni bega, tuongee kuhusu bega. Kuna njia ya kupanda kamba moja kwa miguu. Unavaa klempu kwenye kiatu na nyingine inayoning'inia karibu na goti, kila moja inateleza kwenda juu lakini ikivutwa chini inang'ata kamba. Unapanda kama mtu anatembea ngazi, kushoto kulia, na mikono inakusaidia tu usiyumbe. Mapaja ndiyo yanafanya kazi, na mapaja ya Anko hayana shida, huyo mtu huendesha baiskeli kutoka Githurai. Klempu zote mbili na kamba nzuri ya milimita 11 na kifaa cha kushukia hazifiki hata robo ya laki sita. Hazitaki chaji na hazitaki petroli, halafu stima zikipotea haikuhusu.

Kitu kingine, na hiki ndicho kinaniogopesha kuliko deni. Ukifunga mwisho wa kamba chini kwenye shina, ukaupitisha juu ya tawi, ukaning'inia upande wa pili, lile tawi halibebi uzito wako. Linabeba karibu mara mbili yake, kwa sababu kamba inavuta pande zote mbili. Mtu na hanesi na pawasoo na mashine, sema kilo 110. Tawi linaona karibu 220. Sasa fikiria ni mgrevilea, ambao kila mkulima anajua matawi yake huvunjika ovyo. Ukipanda kwa mwili wako mwenyewe unahisi tawi likilalamika, kamba inakwambia. Mota haihisi kitu. Inavuta tu. Na ile ya petroli inakupigia kelele sikioni, sisi tukikupigia mayowe chini husikii.

Najua dawa yake. Kabla mtu hajapanda, wawili wetu tunaning'inia pamoja kwenye kamba tuone kama tawi litashika. Hiyo tunafanya hata sasa. Nasema tu mashine inafanya ujuzi wa kuchagua tawi uwe muhimu zaidi, na watu hununua mashine wakidhani inafanya ujuzi uwe muhimu kidogo.

Halafu kuna hili. Tuseme imezima Anko akiwa mita 15. Au haikuzima, yeye ndiye amezima: jua, presha, amegongwa na tawi. Mtu akining'inia kwenye hanesi bila kusonga, damu inakwama miguuni na anaweza kufa kwa muda mfupi sana, tunaongea dakika. Nani anapanda kumtoa? Kwenye kundi letu watu wanne, mpandaji ni mmoja. Sisi watatu tukiwa chini tutafanya nini, tumpigie simu? Hapo ndipo ningependa hiyo mashine iwepo, kusema kweli. Mwokoaji anayefika juu kwa dakika moja mikono ikiwa haijachoka ni kitu kikubwa. Lakini awepo mwokoaji kwanza, na iwepo kamba ya pili.

Kwa hivyo msimamo wangu, kwa wale mmekuwa mkiniuliza kama ni ndiyo ama la. Mashine ni nzuri. Kwa mtu mmoja kuichukulia deni la laki sita peke yake ni kujifunga jiwe. Nimempigia hesabu, akikamua 2,000 kwa kila mti, ni miti 300 kabla hajamaliza, bila riba, na 2,000 zenyewe zitoke wapi wakati mteja anaanza kubagein kabla hujashuka kwenye lori? Makundi matano au sita yakijiunga chama, mashine ikazunguka, ikatumika kwa miti mirefu ya wazi na kwa mtu mwenye bega kama la Anko, hapo mimi nasaini hata leo. Tena Anko anajuana na wakataji wote wa Thika Road. Lakini alinijibu watu wa chama watagombania betri.

Nikamwambia basi ile 48,000 nitaitoa, si kuidhamini, kuitoa kabisa, iende kwa klempu na kamba. Na pesa yake ya kulipa mwezi wa kwanza wa mkopo imlipe mtu afunzwe kupanda, tuwe na wapandaji wawili.

Akanyamaza. Shangazi alikuwa jikoni na akanyamaza pia, sufuria zote kimya, ndio nikajua walikuwa wameongea haya mambo kabla sijafika.

"Mtu gani?" Anko akauliza.

Nikasema sijui, tutatafuta kijana.

"Kijana yuko hapa amekaa kwa kiti changu anakunywa chai yangu," akasema. "Jumamosi kuja na viatu vya kufunga kamba. Tutaanza na ule mgrevilea wa nyuma, mita nane tu, na wewe ndiye utachagua tawi."

Mtu aliye na viatu saizi 43 aniazime, niko Roysambu. Video itakuwepo, lakini Anko amesema simu inabaki chini.