Mbwa Mchanga na Mkono wa Mwenye Nyumba



Juma hili tumependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo: namna ya kumzoesha mbwa mchanga kushikwa, kuoshwa na kusuguliwa manyoya. Hivi karibuni tulimpokea nyumbani kwetu mbwa wa majuma 9, dume mweusi mwenye baka jeupe kifuani. Siku ile ile mlinzi wetu, mzee tunayemheshimu sana, alitoa angalizo: "Baba Paroko, mbwa wa ulinzi hapapaswi. Akipapaswa atamzoea kila mtu, na mwizi ataingia."

Hoja ya mzee wetu si ya kupuuzwa, kwa maana ndiyo desturi ya mitaa yetu mingi. Mbwa hufungwa mchana, hufunguliwa usiku, na hutupiwa chakula kwa mbali. Lakini tujiulize: siku atakapochomwa na mwiba, nani atamshika? Na siku ya chanjo je? Tumewahi kushuhudia mbwa mkubwa akiletwa kuchanjwa, amevutwa kwa mnyororo na vijana wawili. Tangu azaliwe hakuwa ameguswa mguu wala sikio. Aliposhikwa ngozi ya shingo aligeuka na meno wazi, kijana mmoja akaachia mnyororo, na mbwa akarudi alikotoka bila chanjo. Katika nyumba ile wanaishi watoto wanne.

Kichaa cha mbwa huua makumi ya maelfu ya watu kila mwaka, hasa Afrika na Asia, na Shirika la Afya Duniani linasema kwamba asilimia 40 ya wanaokufa ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna anayepona. Aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha akimbilie hospitali. Hata hivyo, kinga bora ni mbwa mwenyewe kuchanjwa, na mbwa asiyeshikika ni vigumu kumchanja.

Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Kwa mbwa, ubichi huo ni mfupi mno: tangu juma la 3 la maisha yake hadi la 12 au la 14 hivi. Katika kipindi hicho hupokea mambo mapya bila woga mwingi. Kikishapita, kila kigeni humtia shaka. Na kwa kuwa chanjo ya kichaa hutolewa kwa kawaida afikishapo majuma 12, tulikuwa na majuma 3 tu ya kumwandaa.

Tulichagua saa ambayo amekwisha kucheza na kuchoka. Dakika 2 au 3 zilitosha, mara mbili kwa siku. Tulianzia mabegani na mgongoni, na kila alipoguswa alipewa dagaa mmoja. Utaratibu huu una maana yake: mkono hutangulia, dagaa hufuata. Ukitanguliza dagaa, mbwa hujifunza kwamba chakula ni mtego. Baadaye tukaenda masikioni, midomoni, mkiani, na mwisho miguuni, kwa kuwa mbwa wengi hawapendi kushikwa nyayo. Tulipotenganisha vidole tulikuta kupe wawili wamejificha. Kupe huondolewa kwa kibano, akishikwa karibu kabisa na ngozi na kuvutwa polepole, bila kupondwa kwa vidole. Kumpaka mbwa mafuta ya taa au oili chafu, kama wengine wafanyavyo, humuunguza ngozi na humdhuru anapojilamba.

Brashi aliinusa kwanza, kisha ikapita mgongoni mara moja tu. Maji ya uvuguvugu yaligusa miguu kabla ya mwili. Kucha zahitaji subira zaidi, maana ndani yake mna mshipa wa damu. Katika ukucha mweupe wekundu wake huonekana; katika ukucha mweusi hauonekani, hivyo hukatwa kidogo kidogo, nchani tu. Sisi juma zima hatukukata chochote: tuligusisha kikatio ukuchani, tukampa dagaa, tukamwachia.

Tena, wapendwa, tujifunze kumsikiliza asiye na maneno. Mbwa akigeuza kichwa, akijilamba midomo pasipo chakula, akikakamaa au akionyesha weupe wa macho, anaomba nafasi, tumpe. Akinguruma, tusimpige. Mbwa apigwaye kwa kunguruma hujifunza kunyamaza, lakini woga wake hubaki pale pale, na siku nyingine atauma bila onyo. Mara nyingi anayeumwa ni mtoto wa nyumbani.

Chanjo imepita salama. Daktari wa mifugo alimshika shingo, akachoma sindano, na mbwa wetu akageuka kutafuta dagaa wake. Usiku huo huo alimbwekea mpita njia asiyemjua, kwa maana kuzoea mikono ya nyumbani hakumfanyi amsahau mgeni. Mzee wetu bado hajaikubali hoja yote. Ila jana jioni, akidhani hatazamwi na mtu, tulimwona ameketi kizingitini, mguu wa mbwa mkononi, akifungua kidole kimoja kimoja kutafuta kupe.

Aliye na mbwa mchanga nyumbani na aanze leo. Tunawatakia juma jema.