Gunia la Kumi na Tatu

Msimu wa korosho, njia ya Bungu hadi Kibiti, mjomba hakuuliza pikapu inabeba kilo ngapi. Aliangalia matairi ya nyuma tu. "Weka jingine," anamwambia utingo, "tunafika."

Pikapu ya tani moja, kwa magunia ya kilo 80, inabeba 12 na nusu. Na ndani ya tani hiyohiyo watu nao wamo, hata dereva! Hilo mjomba hakulisadiki. Fundi alimwongezea springi, nyuma ikainuka, basi, akaona yamekwisha. Breki zilibaki zilezile.

Kwenye mteremko, nimebanwa kati yake na utingo, nikaona mguu wake ukikanyaga mara mbili, tatu, nne. Kimya. Nikajipigia hesabu: mimi, kilo 41.