Kukusanya Vitu vya Kale

Msomaji, wako watu waonao kitu cha kale kuwa ni takataka iliyochelewa kutupwa. Wako na wengine waonao kuwa ni fedha iliyochelewa kupatikana. Mimi si wa kundi la kwanza wala la pili. Nakaa Uthiru, magharibi ya jiji la Nairobi, na chumbani mwangu mna vigoda, vyondo, vyungu na vibuyu vilivyotumiwa na watu waliokwisha tutangulia. Bei yake si kubwa, lakini mafunzo yake ni mengi.

Tazama kibuyu kimoja. Zamani kilipasuka, na mwenyewe akatoboa vitundu kandokando ya ufa, akaushona kama mtu ashonavyo nguo. Nilishangaa, kwani mmung'unye huzaa vingine kila msimu. Mama mzee aliyenipa akanijibu, "Mwanangu, kibuyu kipya hakijui uji." Maana yake ni kuwa kibuyu kilichozoea uji wa kuchachuka huutia ladha ambayo kipya hakiwezi kuitia. Basi ule mshono si alama ya umaskini. Ni alama ya maarifa.

Vitu kama hivi vyapotea upesi. Huku Uthiru, nyumba za ghorofa za kupangisha zimesimama mahali palipokuwa na mashamba ya mahindi. Nyumba kuukuu ibomolewapo, mabati huuzwa, na kigoda cha babu hutiwa motoni.

Mkusanyaji aliyetangulia wengi katika nchi yetu ni Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911, baba yake akiwa Mgoa na mama yake Mmaasai, na mwaka 1966 alikuwa Makamu wa Rais wa Kenya. Yeye na mkewe Sheila walikusanya vinyago, nguo, mapambo na maelfu ya vitabu kutoka pande nyingi za Afrika, wakati ambapo vitu hivyo vilikuwa vikichukuliwa kwenda ng'ambo. Mwaka 1972 alishirikiana na Alan Donovan, Mmarekani, kuanzisha African Heritage mjini Nairobi. Murumbi alifariki mwaka 1990, lakini sehemu kubwa ya hazina yake imo katika jumba la Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Ukifika mjini, ingia ukaitazame.

Lakini kukusanya kuna upande wa giza. Wamijikenda wa pwani huchonga vigango, nguzo za mti mgumu zisimamishwazo kwa ajili ya wazee marehemu wa chama cha Gohu. Kigango hakihamishwi. Watu wakihama, chenyewe huachwa mahali pake, kwa kuwa roho ya mzee yakaa hapo. Heshima hiyo ndiyo iliyowarahisishia wezi kazi. Vigango vingi viling'olewa, vikauzwa, vikasimamishwa katika nyumba za matajiri na makumbusho ya Marekani kana kwamba ni mapambo tu.

Mwaka 1985 mtaalamu mmoja wa Kimarekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja karibu na vigango viwili alivyowasimamishia ndugu zake. Baadaye vigango hivyo viliibwa. Miaka mingi ikapita, na vyote viwili vikaonekana Marekani, kimoja katika makumbusho ya jimbo la Illinois, cha pili katika ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia. Mwaka 2007 vilikuwa vimerudi Kenya. Baadaye makumbusho ya Denver nayo yalirudisha vigango 30. Zingatia, msomaji: picha moja ilitoa ushahidi ambao mbao zenyewe hazikuweza kuutamka.

Mchuuzi mmoja aliwahi kuniletea nguzo kama hiyo, nzuri mno, kwa bei niliyoimudu. Sikatai kuwa niliitamani. Nilimwuliza, "Ilisimamishwa kwa ajili ya nani?" Akanyamaza. Nami sikutaka kununua kimya chake.

Kwa hiyo chombo cha kwanza cha mkusanyaji ni daftari. Andika kitu chaitwaje kwa lugha ya wenyewe, nani alikitengeneza, kilifanya kazi gani, na nani alikupa kwa ridhaa yake. Kitu kisichojulikana kwao ni yatima hata kikiwekwa katika kabati la kioo. Kumbuka tena kuwa sheria ya Kenya ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na urithi yakataza kutoa vitu vya kale nchini bila kibali.

Huhitaji mali ili uanze. Muulize nyanya yako habari za chungu kilicho uvunguni, uandike jibu lake kabla ya kukiomba chungu. Huenda akakataa kukupa. Hata hivyo utakuwa umeipata sehemu ambayo mwizi hawezi kuiba wala moto kuiteketeza.