Mwendo wa Polepole Huamuliwa Ukumbini

Nahariri video za harusi Dar es Salaam, na karibu kila familia huja na ombi lilelile: bibi harusi aingie ukumbini taratibu, shela ielee. Ombi zuri. Ila ulaini huo hautoki kwenye kompyuta yangu; hutoka kwenye kamera, usiku uleule wa sherehe.

Hesabu yake ni hii. Mradi wangu ni wa fremu 25 kwa sekunde. Klipu iliyorekodiwa kwa fremu 50 nikiishusha hadi asilimia 50, kila fremu utakayoiona ilipigwa kweli. Ya fremu 100 inashuka hadi asilimia 25 bila kupungukiwa. Lakini ya fremu 25 nikiipunguza kasi kwa nusu, nusu ya fremu zinazohitajika hazipo. Programu itaonyesha kila fremu mara mbili, na shela itashtukashtuka. Au itachanganya fremu mbili zinazofuatana, na uso utapata ukungu.

Ipo njia ya tatu. Premiere Pro na DaVinci Resolve zina Optical Flow, inayokadiria kila sehemu ya picha imehama kutoka wapi kwenda wapi, kisha inachora fremu ya katikati. Naitumia na naiheshimu. Bibi harusi akitembea peke yake mbele ya pazia la rangi moja, kazi hutoka safi. Ngoja ifike zamu ya kutunza. Mama ameinua noti ya elfu kumi mbele ya kitenge chenye maua, na mkono wa shangazi unakatiza. Simamisha hapo, kuza picha: kidole kimeyeyukia kwenye ua la kitenge, ukingo wa noti umepinda, pazia la nyuma limevutwa na mkono. Programu haikuwahi kuona kilichofichwa na mkono ule, kwa hiyo inakisia. Picha za namna hiyo naziacha katika kasi yake ya kawaida.

Ndiyo maana nazungumza na mpigapicha mapema. Kuingia, keki, kutunza na mduara: fremu 50. Shata nayo ipande: 1/50 kwa fremu 25, 1/100 kwa fremu 50. Mwanga unaoingia unapungua kwa nusu, basi taa yake iwe tayari. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za ukumbini humeta mara 100 kwa sekunde. Kwa fremu 120 ukuta huonekana ukipumua. Fremu 50 na 100 huenda sambamba na taa hizo.

Mezani nina utaratibu wangu. Kasi kwanza, kutuliza mtikisiko baadaye. Premiere hairuhusu vyote viwili kwenye klipu moja mpaka uifunge kwanza ndani ya mfuatano wake (nest). Klipu ikibidi itoke na kurudi katikati ya kazi, naitoa kwa ProRes au DNxHR, kwa kuwa H.264 hupoteza kitu kila inapobanwa upya. Vigelegele navichukua kwenye sauti ya kasi halisi.

Na klipu ya fremu 25 ikinijia na ombi la polepole, naionyesha familia matokeo yote mawili, ya polepole na ya kasi ya kawaida, kwenye skrini kubwa. Wakiona uso wa bibi harusi ukiwa mzima katika mwendo wake wa kawaida, huchagua uso.